Siku Niliyoita Mashahidi

Mpaka leo nikipita Tudor hujifanya natazama upande mwingine kwa haya, maana kina mama wa shule ya mjukuu wangu wakiniona huinama wakacheka ndani ya mitandio yao, na haki yao.

Mjukuu wangu Rukia ana miaka sita na huhifadhi sura za Kurani kwa kuzisikia tu, basi mwalimu wake, Bi Mwende, aliposema ana akili sana lakini apimwe mapema kama ana tatizo la kusoma, nilichukia (Mola anisamehe), nikasema nitampeleka mwenyewe akapimwe, walimu wanyamaze.

Siku ya kupimwa tulifika shuleni wa kwanza, lakini kila mama aliyekuja na mtoto nilimwambia, "Tangulia mwanangu, mimi sina haraka," nikakaa mlangoni na tasbihi yangu, Rukia kando kimya kabisa, nami nikadhani ni adabu.

Zamu yetu ilipofika Bi Mwende akamwekea Rukia ukurasa, akausoma wote bila kusita, habari za paka aliyeiba samaki jikoni. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitoka nje nikawaita kina mama wote, "Njooni mumuone huyu mwenye tatizo," wakajaa chumba kizima, nikamwambia Rukia arudie, akarudia, wakampigia makofi na mimi nikatengeneza kofia yangu.

"Maalim, samahani," akasema Bi Mwende kwa upole, "ulipotoka nilibadilisha ukurasa. Huu ni wa habari za mvua."

Mama mmoja akasema, "Basi paka huyo ni hodari, Maalim, ameruka ukurasa mzima."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, nami sikujua niiweke wapi mikono yangu. Rukia akanivuta kanzu.

"Babu, paka nilimsikia pale mlangoni, watoto wote walimsoma. Mimi nikitazama herufi sizijui. Nikisikia ndiyo najua." Kisha akaninong'oneza, "Usiwaambie madrasani, wataniita mjinga."

Kicheko chote kikaisha.

"Si mjinga," Bi Mwende, aliyemsikia, akamwambia. "Akili yako ni kubwa mpaka imetuficha shida yako. Bila kipimo hiki tungechelewa kukujua."

Alhamdulillahi, sasa anafundishwa kwa njia yake, na kila alasiri hunisomea maneno machache, polepole, anakosea, anaanza tena, nami nasubiri na kushukuru kwa kila moja. Lakini mashahidi siiti tena, hata siku atakayosoma msahafu mzima kwa macho yake. Atakaye kumsikia aje nyumbani kwangu Ndia Kuu abishe hodi mwenyewe.