Jumamosi ni Siku ya Malori

Walionipangia parokia ile walidhani wananipendelea. Upande wa chini ni Mbezi Beach, nyumba zenye mageti ya umeme na mbwa wanaokula vizuri kuliko makatekista wangu. Ukipanda kidogo unafika machimboni, ambako wanawake hukaa chini ya vipande vya turubai wakigonga mawe kwa nyundo mpaka yawe kokoto. Kokoto hizo ndizo zilizojenga nyumba za upande wa chini. Nilikuwa paroko msaidizi, upadri bado mbichi, na nikajiambia kwamba wito wangu uko hapa. Seminarini nilikuwa nimeandika kurasa nyingi sana kuhusu Kanisa la maskini. Siku yangu ya kwanza machimboni nikaomba nyundo, nikajiponda kidole, na wanawake wakacheka mpaka mmoja wao akalala chini.

Huyo aliyelala chini ndiye aliyenifunga kidole kwa kipande cha kanga.

"Pole baba," alisema. "Jiwe halijui upadri."

Tulikuwa karibu umri mmoja. Aliishi na mama yake mzazi, wote wawili wagonga kokoto, waliokuja mjini kutoka Masasi. Kifua chake kilikuwa kibovu kwa vumbi, na kila alipokohoa aligeuka pembeni, utadhani ni yeye wa kuona haya.

Kwa asiyejua taratibu zetu, nieleze. Mkatoliki kwetu lazima awe na jumuiya, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja kila wiki, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Ni kitu kizuri na nimekihubiri sana. Lakini jumuiya ina meno. Usipoonekana jumuiyani, siku ukifa mwenyekiti atasema hakujui, na padri hatakuja kukuzika. Jumuiya zetu zilikutana Jumamosi alfajiri, na hiyo ndiyo saa ambayo malori hufika machimboni kupakia, kwa kuwa watu wa mjini hujenga nyumba zao wikiendi. Mwanamke asiyekuwepo lori linapofika, kokoto zake zinabaki pale mpaka Jumamosi nyingine, na nyumbani kwake hawali.

Nilipeleka hoja kwenye halmashauri ya walei, jumuiya ya machimboni ihamie Jumapili jioni. Nilidhani ni jambo la kumalizwa kabla chai haijapoa. Mzee mmoja, mhasibu mstaafu mwenye suti ya kijivu, akasimama akasema Kanisa haliendi kwa ratiba ya malori. Wakampigia makofi. Paroko akafunga mjadala kwa sala, nami nikaitikia amina kama wengine, nimekunja ngumi chini ya meza.

Masika yalipokolea kifua kikamzidi yule aliyenifunga kidole. Nilimpaka mafuta ya wagonjwa kwa mkono wangu. Alikuwa na akili zake zote, na aliniuliza jambo moja tu.

"Baba, utanizika?"

"Nitakuzika," nikasema.

Alipofariki, mwenyekiti wa jumuiya alinifuata parokiani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mpole, aliyeniamkia shikamoo ingawa angeweza kunizaa.

"Baba, sie hatuna chuki na marehemu. Lakini hakuwaga anakuja. Tutasema nini kwa wanaokuja?"

Nikaenda kwa paroko nikiamini kwamba yeye atauona upuuzi huu. Wiki chache kabla tulikuwa tumemzika mheshimiwa mmoja wa upande wa chini, mapadri watatu altareni, na mmojawapo ni mimi. Hakuna mtu aliyewahi kumwona jumuiyani. Mwenyekiti wake alitueleza kwamba marehemu alikuwa akishiriki kiroho. Nilimkumbusha paroko hilo, akaniambia nisichanganye mambo.

"Nimempaka mafuta," nikasema. "Kanisa limemuaga akiwa hai, litamkana akiwa maiti?"

"Ukimzika huyu, kesho nani atakuja jumuiya?" akanijibu, bila hasira yoyote. "Usiende."

Siku ya kupewa upadri niliweka mikono yangu ndani ya mikono ya askofu, nikaahidi utii. Sikuahidi kwa utani. Mpaka leo, asiyejua uzito wa ahadi ile namsikiliza kwa adabu tu anaponiambia kwamba jambo lilikuwa rahisi.

Nilikwenda msibani nikiwa nimekunja stola, ule utepe wa shingoni wa kipadri, na kuitia mfukoni mwa suruali. Kaburi lilikuwa tayari. Lilichimbwa na jirani yao, Mwislamu wa kutoka Lindi, pamoja na wenzake wa msikitini. Alikuwa amekaa pembeni anajifuta udongo miguuni.

"Padri," akaniita, "sie kwetu mtu akifa anazikwa. Nyie mnasubiri nini?"

Niliingiza mkono mfukoni, nikaigusa stola. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Mama wa marehemu hakuniomba kitu. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi, akaniangalia, kisha akaangalia mfuko wangu, kwani ncha ya stola ilikuwa imechomoza. Nikaitoa nikaivaa. Nikabariki kaburi, nikasoma sala zote, sikuruka hata moja. Wanawake wa machimboni wakaimba kwa sauti zilizokauka vumbi, na mwenyekiti, aliyekuwa amesimama mbali barabarani, mwishoni naye akaimba.

Haukupita muda nikahamishwa. Hawakuniadhibu, la hasha. Walisema ninapanda. Walinipeleka ofisini mjini, kwenye dawati la haki za maskini, kwa vile kila mtu ameona jinsi ninavyowapenda. Nina kiyoyozi, nina gari la ofisi. Naandaa semina ambamo tunawajadili maskini huku tukila sambusa. Katika semina mojawapo paroko wangu wa zamani alieleza jinsi jumuiya ya machimboni ilivyochangamka, siku hizi watu wanajaa. Washiriki wakampongeza. Nilitamani kumrushia sahani, na kibaya zaidi ni kwamba alisema kweli.

Nilikwenda kujionea, Jumamosi moja asubuhi. Lori la mwisho lilikuwa linatoka, na waliopakia walikuwa wachache. Nikamkuta mama wa marehemu njiani, amejifunga kitenge cha Jumapili, rozari mkononi, anatembea polepole.

"Tumsifu Yesu Kristu, mama. Shikamoo."

"Milele na milele, amina. Marahaba, baba. Umenenepa."

"Unatoka wapi?"

"Jumuiya. Siku hizi sikosi."

"Na lori?"

"Si hilo linaondoka."

Nikamwambia Mungu anamsikia hata akiwa kwenye mawe yake, hana haja ya kulala njaa. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mfiwa.

"Kusali nasaliga hukohuko nikigonga. Huku naenda kutafuta kaburi, baba. Wewe ushaondoka. Mie nani atanizika?"

Akanipa mkono, akapanda kwenda kukaa chini ya turubai lake. Kokoto zake za wiki iliyopita zilikuwa bado zipo palepale.