Siku Shangazi Alipoitwa Kushukuriwa

Mtumbwini tulikuwa wanne, na kila mmoja namkumbuka alivyokaa. Nyuma, na kafi mkononi, alikuwa shangazi yangu Mwanahawa binti Salumu, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mbele yake alikaa Bi Kuruthumu binti Mpendu, kungwi aliyemfunda shangazi alipokuwa mwali, kipofu wa macho yote mawili. Akafuata mzee Athumani Mbonde, binamu wa Bi Kuruthumu na mtani wake mkubwa, mguu wa kushoto umemkauka tangu utotoni. Na mimi kule mbele kabisa, miaka tisa nadhani, natoa maji kwa kifuu cha nazi kwa sababu mtumbwi ulikuwa na ufa. Harufu ya tope la mikoko iliyochanganyika na tumbaku ya mzee Mbonde, hiyo hata leo ikinipita puani narudi palepale nilipokaa, na hasira zangu zinarudi nazo.

Mwaka ule Rufiji ilifura vibaya. Maji yalipoingia majumbani, shangazi ndiye aliyezunguka na mtumbwi uleule wa ufa akiwatoa wasioweza kukimbia, wagonjwa, wenye mimba, wazee kama hawa wawili. Hakuna aliyemtuma. Maji yalipopungua, mpunga wa kwanza ulikuwa umeoza wote, tukapanda upya kwenye tope. Huo wa pili ndio uliokuwa chakula chetu, hapakuwa na kingine. Na siku ninazozisema ulikuwa kwenye maziwa, yaani punje ukiiminya inatoa uji mweupe. Kwetu upande wa Mbuchi, mpunga ukiwa kwenye maziwa mtu haendi popote. Unapanda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba, unashinda huko tangu alfajiri mpaka jua linazama, unavuta kamba za makopo na kupiga kelele mpaka sauti inakauka, maana kweleakwelea wakishuka wanaifyonza punje wanaacha ganda. Hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Serikalini tu ndiko lilikuwa halijafika.

Basi akaja mjumbe wa kitongoji, Saidi Kikweta, akasimama chini ya dungu letu amekunja suruali mpaka magotini. Akasema Jumatano kuna unga wa wasiojiweza, unatolewa ofisini ng'ambo ya mto, na kila aliyeandikwa afike mwenyewe aonekane. Na shangazi naye anatakiwa, mkubwa mmoja anakuja kumshukuru kwa kazi ya mafuriko.

"Saidi," shangazi akamjibu kutoka juu, "huyo mkubwa anakuja na gari?"

"Na gari, shangazi."

"Na unga uko ndani ya gari hilohilo. Sasa Bi Kuruthumu haoni, Mbonde hatembei, ila wao ndio waufuate unga?"

"Mimi nimetumwa tu, shangazi yangu."

"Basi na mimi nakutuma. Waambie umenikuta juu ya dungu, na ndege wananiangalia."

Saidi akacheka, akaondoka, na nina hakika hakuwaambia. Shangazi alikaa siku mbili hana raha. Asipokwenda, wale wazee wawili hawapati unga, na Bi Kuruthumu alikuwa wiki nzima anakula mizizi ya porini ya kuchemsha. Akienda, shamba linabaki na makopo yasiyo na mtu wa kuyavuta. Aliwaomba majirani wamlindie, lakini kila mmoja alikuwa juu ya dungu lake na ndege wake. Jumatano asubuhi akashuka, akafunga kanga kiunoni, akaniambia nichukue kifuu.

Njiani wale watani hawakunyamaza. "Mbonde, huo mguu mkavu ungeuacha nyumbani, mtumbwi ungekuwa mwepesi." "Na wewe ungeacha huo mdomo, tungefika jana." Shangazi hakucheka. Kila kundi la ndege lililotupita juu likielekea kwetu alilisindikiza kwa macho.

Tulifika mapema, mkubwa akafika baada ya adhuhuri. Kukawa na hotuba ndefu. Halafu shangazi akaitwa mbele, akapewa karatasi yenye muhuri, akapigiwa makofi. Wazee wakachovya dole gumba kwenye wino, kila mmoja akapata kiroba chake. Shangazi akamuuliza karani kama na yeye yumo. Karani akapitisha kidole kwenye orodha, akasema, "Wewe mama huhusiki. Una shamba." Shangazi akasema, "Nimeliacha ili nije hapa." Yule kijana akamjibu kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaoniudhi mpaka leo: "Basi si lipo, mama."

Lilikuwepo kweli. Tuliliona tukiwa bado mtoni. Mpunga wenye punje huinamisha kichwa kwa uzito. Wetu ulikuwa umesimama wima, shamba zima. Shangazi hakulia wala hakutukana. Alipanda juu ya dungu, akaichomeka ile karatasi kwenye makuti, akakaa akiangalia. Kuanzia siku ile, Bi Kuruthumu alikuja kila asubuhi akipapasa njia kwa fimbo, bakuli la unga kichwani, analitua mlangoni kwetu. Kwa hiyo wasiojiweza walitulisha sisi tuliokuwa na shamba, mpaka kiroba kikaisha, na cha mzee Mbonde kikafuata.

Leo mambo yamebadilika, siwezi kusema hayajabadilika. Vijana wa ofisini wananipa kiti na maji ya chupa, wananiita bibi. Orodha iko kwenye mashine, na mimi nimo. Ila lazima nifike mwenyewe nionekane, na mashine haikisomi kidole changu kwa sababu jembe limekilainisha. "Futa kidole, bibi." Nafuta. "Futa tena." Nafuta. "Basi urudi wiki ijayo." Anayenipeleka na kunirudisha, mimi na vikongwe wenzangu wawili, ni mjukuu wangu Rehema, kwa boti, na hakuna aliyemtuma. Wiki hii wamempigia simu aende wilayani akashukuriwe, kuna turubai na cheti. Nikaomba nizungumze na huyo kijana wa simu. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, dungu unalijua?" Akasema amewahi kuliona kwenye picha.

Mpunga wa Rehema uko kwenye maziwa. Nimemwambia aende, kwa sharti kwamba nakaa mimi. Kupanda siwezi, kwa hiyo nimekaa chini ya dungu, nimefungiwa kamba mkononi, na debe liko miguuni. Nimewataja watu kama ninavyowakumbuka, lakini inawezekana aliyekuwa mtumbwini ni Hamisi Mbonde na si Athumani, maana walifanana. Anayejua vizuri anisahihishe, nitashukuru. Ila aje yeye. Mimi sitoki hapa mpaka mpunga huu uinamishe kichwa.