Ukomunisti wa Sinan na Mwiko wa Pilau

Ukifika Hamriya, mtaa wa Maskati, kwenye vichochoro vya washonaji, ulizia fundi wa cherehani aliyesoma kwa Wakomunisti. Hata muuza maji ya baridi atakuonyesha. Duka la Sinan lina upana wa godoro, limejaa cherehani zilizopasuliwa matumbo, na katikati yake kakaa Sinan na tumbo lake mwenyewe, zima, linasukumana na meza. Ujanani alitoka Unguja akapelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea ufundi. Akaja Maskati na ufundi wake, koti zito lisilo na kazi, na ilimu moja ambayo hakuna aliyemwomba: namna Wakomunisti wanavyowapata wakubwa wao.

Sasa, jamaa zake, Waomani waliozaliwa Unguja, harusi zao hawapikiwi na hoteli. Wanaume wenyewe huteremsha masufuria uani, na mmoja hushika mwiko mkuu. Mwenye mwiko ndiye serikali. Akisema chumvi imetosha, imetosha. Mwaka huu Maalim Aws, aliyeushika mwiko tangu ndevu zake nyeusi, magoti yalimgomea. Na Hadeel, mjukuu wa Sinan, aliyekua mapajani mwake, alikuwa anaolewa. Sinan alitaka kitu kimoja tu duniani: pilau ya Hadeel itoke mkononi mwake.

Lakini atasemaje "nautaka"? Shemegi yake Taimur angemcheka mpaka Ramadhani.

Ijumaa baada ya sala walikaa majlisi kwa Taimur, kahawa na halwa mbele yao. Televisheni ikaonyesha mkutano mkuu wa Wachina, ukumbi mzima mikono juu.

"Mnaona?" Sinan akaruka. "Hawa hawana makelele. Nnawajua, nimekaa nao."

"Umekaa na Wajerumani," Taimur akamkumbusha.

"Ukomunisti ni mmoja, shemegi. Kule mtu hasemi nichagueni. Anayejitia mbele hukatwa. Unaanzia shinani, kijijini huko, unahesabu nguruwe..."

"Audhubillahi!"

"Mbuzi basi! Unahesabu mbuzi, wakubwa wanakutazama. Ukiweza, wanakuhamishia wilaya iliyooza, wakuone. Ukiweza tena, mkoa. Na lazima awepo mkubwa wa kukushika mkono. Huna, utahesabu mbuzi mpaka ufe. Mwisho wakubwa hukaa faragha, wakakubaliana jina moja. Moja tu! Ndipo mkutano unaitwa, na mikono yote inainuka."

"Na asiyeinua?" akauliza Maalim Aws.

"Sijapata kumwona. Ukishindwa faraghani, hadharani unainua mkono, tena unatabasamu."

"Kura ya nini basi?"

"Ya kuonyesha kuwa hatujagombana."

Maalim akapiga paja. "Khalas! Mwenye mwiko tumpate hivyo."

Sinan akainamisha macho kama bi harusi. Mkubwa wa umri ni nani? Msomi ni nani? Jina gani jingine lingetoka? Ila kwa usalama akaanza kujitafutia mkubwa wa kumshika mkono, mpaka mkewe, Bi Zuwena, akamwuliza, "We Sinan, kila siku halwa kwa Maalim, unataka kumuua? Huyo ana sukari!"

Ijumaa ya pili Maalim akakohoa. "Nimefuata ilimu ya Sinan. Nimetazama nani kaanzia shinani. Taimur kaosha masufuria, kahamishiwa kwenye vitunguu, kwenye moto, kwenye mchele. Harusi ile ya mvua kapalia makaa chini ya mwavuli. Sinan..." Akamtazama kwa huruma. "Sinan miaka yote katuhadithia, na kala. Jina ni Taimur."

Mikono ikainuka. Wa Sinan ukabaki gotini, mzito kama cherehani ya chuma. Akajua ukibaki pale, majlisi itachacha, na Hadeel atapikiwa na wanaume walionuniana. Akauinua, mpaka kwapa likaonekana, akatabasamu.

"Umechelewa," Taimur akamchokoza.

"Wa mwisho ndio unaohesabiwa sana! Wewe wajua nini?"

"Haya, msomi. Mkuu huteua?"

"Huteua."

"Basi nakuteua vitunguu."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Siku ya harusi Sinan alikaa juu ya kigoda, gunia la vitunguu mbele, machozi yanamtiririka. Hadeel akachungulia dirishani, mikono imekolea hina.

"Babu, unalia?"

"Niko shinani, mama. Wakubwa wote huanzia hapa. Funga dirisha, moshi utakuharibia uzuri."

Halafu Taimur akaja, kabla hajatia mchele, na supu kidogo kwenye ncha ya mwiko mkuu. "Onja, shemegi. Ya mjukuu wako hii. Chumvi?"

Sinan akafumba macho. Akaizungusha supu mdomoni taratibu, serikali nzima imesimama inamngoja.

"Bado kidogo," akasema, na ilikuwa imetosha kabisa.

Taimur naye alijua imetosha. Akatia mkono kwenye kopo la chumvi, akautoa mtupu, akanyunyiza juu ya sufuria kwa madaha, huku na huku, mpaka Sinan akamwambia, "Hapo sasa."