Nilivyomfundisha Mrushaji Kutii

Kitu cha kwanza nilichomfundisha kijana yule ni kufunga mdomo. Kurusha mpira alikuja akijua.

Mchezo wenyewe ni mpira wa Kimarekani, ule wa mpira uliochongoka pande mbili, ila tulioucheza sisi vyuoni Doha haukuwa na kugongana. Watu watano kwa watano, kila mmoja na tepe mbili zinazoning'inia kiunoni. Ukimchomoa mwenye mpira tepe moja, amekwisha, mchezo unasimama hapo. Nyuma yupo mrushaji. Anapewa mpira, ana sekunde chache, anatazama nani yuko wazi, anarusha. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni na kuchagua mpango wa kila shambulizi. Mipango ilikuwa kumi na miwili, kila mmoja na namba yake, na namba nilizitangaza kwa Kiswahili, wachezaji wetu wakiwa wamezikariri, ili wapinzani wasiambulie kitu.

Sikuwa kocha. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa chuo, nikaanza kwa kuirekodi timu video, hadi siku moja kocha mkuu, Mmarekani mpole mwenye sauti ya kukwaruza, akagundua kwamba nakisia mpango kabla haujachezwa. Akanikabidhi mashambulizi yote. Nyumbani Kenya nilikuwa mtu wa raga. Nilikaa benchi misimu miwili nikimsubiri mkubwa mmoja astaafu, nikitii kila nilichoambiwa, na alipostaafu goti langu lilikuwa limeshakufa. Nilidhani hivyo ndivyo mchezaji anavyopikwa.

Kijana alikuwa Mkenya mwenzangu, mwaka wa kwanza, miaka kumi na tisa, na mkono ambao sijapata kuuona kwa mtu mwingine. Mama yake, muuguzi, nilikuwa nikisali naye katika nyumba moja Al Wukair, nje kidogo ya Doha. Siku aliponijulisha mwanawe aliniambia, "Huyu ni wako sasa. Mnyooshe." Kwetu mzazi akisema hivyo anakupa ruhusa, na mimi ile ruhusa niliitumia mpaka ikaisha.

Wiki ya kwanza ya mazoezi niliita namba tano. Kijana akatazama mabeki walivyojipanga, akawanong'oneza wenzake kitu, akacheza namba mbili. Mpira ukapita juu ya vichwa vya wote ukatua mikononi mwa mtu aliyekuwa peke yake kabisa. Wakampigia makofi. Na alikuwa amefanya sawa, mtoto yule; namba tano ingekufa palepale. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwonea wivu mtoto wa mtu, tena mbele ya watu waliodhani natabasamu.

Nikamwita pembeni. "Nani alikuambia ubadilishe?"

"Anko, niliona wamejaa huku."

"Umeona na macho ya nani? Wewe umefika juzi."

Nikamtungia adhabu. Kila akibadilisha mpango, anakuja mbele ya benchi, wenzake wakinywa maji, anasimama wima na kusema kwa sauti, "Anko anaona, mimi sioni." Mara kumi. Wenzake walikuwa Waarabu na Wahindi, zaidi ya zile namba hawakuelewa neno, lakini walielewa uso wake. Kocha aliniuliza kijana anasema nini. Nikamwambia ni namna yetu ya kumtia mtu moyo. Akaipenda sana, akataka timu nzima ifundishwe. Nikamwambia ni mapema.

Mwezi mmoja ukatosha. Alikoma kuwatazama mabeki, akawa ananitazama mimi. Ningeita namba ya kipumbavu, angeicheza vizuri kadiri namba ya kipumbavu inavyoweza kuchezwa. Mama yake alinishukuru. Alisema hata nyumbani siku hizi hajibishani.

Kisha ikaja mechi ya Ijumaa dhidi ya chuo kingine, mwezi wa kwanza, jua likiwa limepoa. Kocha alikuwa ametangaza kwamba baada ya mechi hiyo atachagua mrushaji wa msimu mzima: kijana wangu, au Mjordani wa mwaka wa tatu aliyekuwa na mkono wa kawaida na mdomo mpana. Kijana aliitaka nafasi ile kiasi cha kushindwa kula. Najua, maana mimi ndiye niliyempeleka uwanjani, na sambusa niliyomnunulia njiani ilibaki imefungwa kwenye karatasi yake.

Wakati wa mapumziko tulikuwa mbele kwa pointi moja. Kocha akanivuta kando. Akaniambia kijana anarusha vizuri, lakini hajamwona akikataa mpango hata mara moja, na mrushaji asiyejua kukataa mpango mbaya si mrushaji. Kwa hiyo nimpe mpango mbaya makusudi. Wapinzani wakijazana kulia, niite namba sita, ambayo inarushwa huko huko kulia. Akiigeuza, nafasi ni yake. "Usimwambie," akasema.

Nilikuwa na dakika nane. Neno moja la Kiswahili lingetosha, na kocha asingejua. Kijana akanijia mwenyewe, chupa ya maji mkononi.

"Anko, wanajazana sana kulia. Nikiona hivyo tena, naweza..."

"Unaweza kunyamaza," nikamwambia.

Sikuteleza ulimi. Nilitaka kumwona akitii akiwa na kitu kikubwa cha kupoteza, kama nilivyotii mimi. Nimejaribu miaka hii kujitafutia sababu nzuri zaidi, sijaipata.

Mara ya tatu tulipopata mpira, watatu wao wakajipanga kulia. Kushoto mtu wetu alibaki peke yake, akainua mkono kama anayesimamisha teksi. Nikaita, "Sita!" Kijana akatazama kulia. Akatazama kushoto, akauona ule mkono. Halafu akageuza kichwa akanitazama mimi, na alinitazama muda mrefu kuliko sekunde zake zilivyomruhusu.

"Sita," nikarudia.

Akarusha kulia. Beki wao akaudaka kifuani bila hata kuruka, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, na hakuna tepe iliyochomolewa. Hatukurudi mbele tena.

Mechi ilipokwisha kocha akatuita sote wawili. Akamuuliza kijana kama alimwona mtu wa kushoto. Akasema alimwona. Kwa nini basi hakumrushia? Kijana akanitazama mimi. Kocha akanigeukia, akaniuliza kama niliwahi kumwambia kwamba mrushaji ana haki ya kubadilisha mpango.

"Mara nyingi," nikasema.

Kijana alikuwa amesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu. Neno lake moja lingenimaliza.

"Ni kweli?" kocha akamuuliza.

"Ni kweli, kocha. Aliniambia."

Kocha akaandika jina la Mjordani. Akanipigapiga begani, akasema nisijilaumu, wapo watu ambao hawafundishiki, kisha akaenda zake. Kijana hakuondoka. Alikaa pale pale, mikono nyuma, akisubiri nimwambie aende.

Nikamwambia aende.