Ulevi wa Mwinjuma

Mwinjuma, mwosha treni wa karakana ya Tyseley, Uingereza, hakuwahi kuonja pombe. Kwa hiyo mwaka 2004, zilipoenea habari mtaani kwake Handsworth kwamba kila mwezi huonekana akiingia baa moja ya Erdington, watu walizipokea kwa furaha kubwa.

Kweli aliingia. Ghorofani walikutana wakusanyaji wa sarafu za kale, Waingereza wenye sweta na lenzi, naye na glasi yake ya maji ya machungwa. Huko ndiko alikonunua, kwa pauni mia nne, shilingi ya fedha ya Mfalme Charles wa Kwanza, yule waliyemkata kichwa lakini wakakitunza vizuri kwenye sarafu. Pauni hizo mkewe, Zuleha, alikuwa ameziweka za kununulia mabati ya nyumba yao Tanga.

Jumapili moja Haroun, kaka yake Zuleha, alibisha hodi na wazee wawili wa msikitini. Mwinjuma, aliyekuwa akiitazama shilingi yake, aliitumbukiza ndani ya soksi.

"Shemeji," Haroun alianza, "nilikuwa kwenye basi, nikakuona kwa macho haya. Au ulikwenda kuswali?"

Mwinjuma alimtazama mkewe. Amwambie amenunua shilingi moja, si elfu, moja, kwa pesa za mabati? Tanga hata ombaomba hainami kuokota shilingi moja.

"Nakunywa," akasema.

Wazee wakachangamka kama walioletewa pilau.

"Ladha yake ikoje?" aliuliza mmoja. Mwenzake akamkanyaga mguu.

Wakamwombea dua ndefu, akaahidi kutorudi baa. Walipoondoka, Zuleha alifuta machozi.

"Alhamdulillahi. Nilidhani ni jambo baya."

"Baya kuliko pombe?"

"Ulevi unatibika. Ungegusa mabati yangu, leo ungelala kwa Haroun."

Shilingi ilimchoma kisigino. Ilibidi aiuze, arudishe pesa. Na wanunuzi aliwajua wa mahali pamoja tu, pale alipoahidi kutorudi.

Siku ya mkutano ilipofika, alisimama mlangoni kainamisha kichwa. "Mke wangu, nimeshindwa. Kiu."

Aliiuza upesi, bila hasara. Pesa za mabati zilikaa mfukoni muda wa kupiga chafya. Kisha jirani yake mezani akafungua kijisanduku: sarafu ya peni sita ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ua la waridi nyuma ya kichwa chake.

Nyumbani Zuleha alimnusa kinywa, asisikie harufu yoyote.

"Hongera, mume wangu," akasema. "Unapunguza."

Mwinjuma alivua viatu taratibu. Soksi hakuvua.