Picha Safi ya Ubongo

Juzi, katika ukumbi wa hospitali hapa Garissa, niliketi karibu na mfugaji mmoja na bintiye. Walikuwa wametoka Nairobi kupiga picha ya ubongo, kwa sababu binti huanguka na kutetemeka. Baba aliuita ugonjwa huo "ile kitu" tu. Aliinua picha dirishani, akaikagua.

"Mbuzi akizunguka-zunguka, ukipasua kichwa unakuta kifuko cha maji. Hapa sioni."

"Hakuna," akakubali daktari aliyekuja kuwasomea picha hiyo. "Picha ni safi."

Mama mmoja akapiga kigelegele, nesi akatoka mbio kuuliza nani kajifungua. Nami nikapiga makofi, sijui kwa nini.

"Basi dawa tuache," baba akasema.

"Hapana, mzee. Picha hutafuta kovu au uvimbe. Wengi picha zao ni safi, na bado wanaanguka. Dawa aendelee."

"Dawa ya nini, kama hakuna kitu?"

Makofi yangu yakakatika. Sisi watu huiamini picha kuliko aliyepigwa picha.

Binti alikuwa akichekea ndani ya mtandio wake, akamgeukia babake. "Aabo, kwenye mashine nililala tu nikatulia, haikuuma. Na jina pia haliumi. Dawa ni ya kifafa."