Nishani Zilizochukuliwa na Agnes

Katika mji wetu kitu kikipotea tunasema Agnes kakichukua. Agnes ni ile tufani ya mwaka 1972 iliyoufurisha mto wetu Susquehanna mpaka maji yakaingia ghorofa ya pili. Alichukua picha za harusi, kinanda cha kanisa, hata majeneza kutoka makaburini. Lakini tangu hapo amesingiziwa mengi. Pete ambayo mtu aliiuza kwa siri, cheti cha shule ambacho mtu hakukipata kamwe, vyote ni Agnes. Leo Hudock, rafiki wa baba, husema hata nywele zake zilikwenda na Agnes.

Baba yangu, Chester Zelonis, alisema Agnes alichukua nishani zake za Vietnam. Hakuna aliyemhoji. Nani angemhoji mtu aliyekwenda vitani na kurudi?

Alizaliwa katika nyumba ya mchimba makaa. Migodi ilifungwa kabla hajafikia umri wa kushuka, kwa hiyo akaendesha gari la kusambaza mikate, na siku za Jumapili akacheza besiboli ya parokia. Alikuwa mrushaji wa mpira, na Leo alikuwa mdakaji wake, anayechutama mbele yake kuudaka. Baba anatumia mkono wa kushoto. Kabla ya kurusha alilamba vidole viwili, akaruka kidogo kwa mguu wa kulia kama mtu anayekwepa dimbwi, ndipo mkono ukaja. Hakuacha mtindo huo hata alipozeeka. Chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi zetu anaitupa hivyohivyo, kwa kulamba vidole na kuruka.

Alioa mapema, akanizaa mimi, kisha jeshi likamwita. Aliporudi alirudi kwenye mikate. Miaka ilivyosonga akawa mtu wa kubeba bendera mbele ya gwaride kila mwezi wa Mei, tunapowakumbuka waliokufa vitani. Alivaa kofia yake ya askari wa zamani wa Vietnam hata akienda kununua kabichi. Watu walimpisha kwenye foleni. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nikaingia kiwanda cha kushona nguo, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia katika mji huu ni kuwa binti wa Chet Zelonis.

Mwaka 2003, vita vya Iraki vilipokuja, mwanangu Darren alikuwa amefikisha miaka kumi na minane, na akasema anakwenda. Nilikuwa nimemlea peke yangu. Nilichukua kadibodi, nikaandika NINA MTOTO MMOJA, nikasimama mbele ya mahakama. Sikupiga kelele. Baba alivuka barabara na kofia yake kichwani, akaninyang'anya ile kadibodi, akaivunja kwa goti, akawaambia watu waliokuwa wakipita, "Huyu si damu yangu. Sisi akina Zelonis hatuitemei bendera mate." Kesho yake akampeleka Darren kwa gari la mikate kujiandikisha jeshini. Nyumba akamwandikia kaka yangu Raymond.

Darren alirudi na sikio moja lisilosikia. Kabla ya kuhamia Arizona aliniambia maneno ambayo nayabeba mpaka leo: "Babu alibeba nishani. Wewe ulibeba kadibodi." Hajanipigia simu tangu hapo. Babu yake humpigia kila Jumapili baada ya misa.

Mama akafa. Raymond akahamia Carolina na mke wake. Baba alipopasuliwa nyonga, hakukuwa na mwingine wa kumwogesha, nikarudi mimi. Hakusema asante, wala hakusema lolote juu ya mahakama. Jumapili akizungumza na Darren, mimi nilikuwa nasimama jikoni nikikoroga sufuria ili nisikie upande mmoja wa mazungumzo ya mwanangu.

Mwaka 2017, Septemba, televisheni ikaanza kuonyesha mfululizo mrefu wa vita vya Vietnam, sehemu moja kila jioni, saa mbili. Mji ukagawanyika upya kama vile vita vilikwisha jana. Kwenye duka la mikate wanawake wawili waliacha kusalimiana. Leo alikuja kwetu na soda zake.

"Klabuni kwa askari wa zamani wamezima," alisema. "Gus anasema ni filamu ya wahaini. Nikamwambia, Gus, wewe vita vyote ulikuwa Texas unapika maharage. Nani amekusaliti, maharage?"

"Keti," baba alisema. "Nataka nione watadanganya wapi."

Basi wakawa wanakaa kila jioni, Leo na kidhibiti cha televisheni, baba na mto chini ya nyonga, mimi nyuma yao na sahani ya tambi na kabichi. Baba aliwasahihisha waliotengeneza filamu. Mvua haikuwa hivyo. Buti zile ni za baadaye. Walipoonyeshwa vijana wakiandamana na kuchoma kadi za kuitwa jeshini, alisema, "Tazama, Bernadine, ndugu zako hao." Nilikula tambi zangu.

Sehemu ya tisa ilifika Aprili 1971. Washington, mbele ya jengo la Bunge, kumewekwa uzio. Wanaume waliorudi kutoka Vietnam, nywele ndefu, mashati ya jeshi yasiyopigwa pasi, wamejipanga. Mmoja mmoja anakwenda mbele, anataja jina, anazitupa nishani zake juu ya uzio kuvipinga vita. Wengine wanalia. Akaja mmoja aliyeipa kamera mgongo. Hakutaja jina. Alilamba vidole viwili, akaruka kidogo kwa mguu wa kulia, mkono wa kushoto ukaja.

Uma wangu ulibaki hewani.

"Chet," Leo alisema.

"Usirudishe nyuma."

"Nimesharudisha."

Tukamwona tena. Vidole, mruko, mkono.

"Wako wengi wanaotumia shoto," baba alisema.

"Wanaolamba vidole kabla ya kutupa chuma?" Leo aliinua mkono wake wa kulia. "Vidole hivi viwili havinyooki kwa sababu ya mkono ule. Nimekaa mbele yake tangu tukiwa watoto. Usiniambie siujui."

"Zangu alizichukua Agnes."

"Basi Agnes ana shoto."

Siku nyingine tungecheka. Leo aliweka kidhibiti mezani, akavaa kofia yake, ile inayofanana na ya baba. Mlangoni akasimama.

"Ungeniambia, Chet. Ningekuja na za kwangu, au ningekupiga ngumi ya pua. Moja kati ya hayo mawili. Lakini ungeniambia." Akaenda.

Nilizima televisheni. Nilikuwa nimesubiri miaka kumi na minne kupata kitu cha kumpiga nacho baba yangu, na sasa kilikuwa mkononi, nami sikujua nianzie wapi. Nikauliza jambo dogo.

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyenikatia tiketi ya basi." Alikuwa akitazama kioo cheusi cha televisheni. "Tuliwaambia watu nakwenda kumzika mwenzangu Maryland. Niliporudi nilitaka kusema. Lakini tajiri wangu wa mikate alikuwa amefiwa na kijana wake kule. Ningemwambiaje? Nikazificha karatasi zilizokuja na nishani, nikanyamaza. Halafu maji yakaja. Tulikuwa kwenye foleni ya mablanketi, kila mtu anataja alichopoteza. Mtu akaniuliza, na wewe Chet? Ikanitoka mdomoni tu."

"Ikakutoka."

"Watu wakasikitika. Wakanipa bendera niibebe. Unairudishaje bendera?"

"Na mimi je?" nilisema. "Pale mahakamani?"

Aliuvuta mto chini ya nyonga yake. "Ulisimama kama nilivyosimama mimi. Niliogopa mtu atakutazama wewe, kisha anitazame mimi."

Kumbe sababu ndiyo hiyo. Sikuwa nimeitemea bendera mate. Nilikuwa nimefanana naye. Kwa kosa hilo alinikana, akanichukulia mwanangu, na mama aliyeijua siri yote akaniacha nje ya mlango mpaka alipokufa. Watu husema ukweli unapunguza uzito. Wangu uliongezeka.

"Sitaki uniombe radhi," nilimwambia. "Mwambie Darren. Jumapili ukimpigia, mwambie ulichokifanya na mahali ulipokifanyia."

"Kijana yule alikwenda kwa sababu yangu."

"Najua alikwenda kwa sababu ya nani."

Akaomba dawa yake ya nyonga. Nikampa.

Leo hakuja jioni iliyofuata. Kanisani alikaa benchi la upande wa pili, karibu na Gus, na baba alikohoa misa nzima. Tuliporudi nilianza kumenya viazi. Simu ya jikoni bado ni ile ya ukutani yenye waya, baba hataki nyingine. Alibonyeza namba, akaegemea mkongojo wake.

Walizungumza habari za mpira wa timu ya Philadelphia. Wakazungumza joto la Arizona na nyanya zetu zilizobaki bustanini. Nilimenya kiazi kimoja mpaka kikawa kama njugu. Nikasema moyoni, atakata simu. Mimi namjua. Atasema haya mwanangu, Jumapili ijayo, na nitaendelea kumwogesha, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo.

"Darren," baba alisema. "Ile filamu ya Vietnam, unaiangalia?" Akasikiliza. "Itafute. Sehemu ya tisa. Kuna mtu kwenye uzio anatupa kwa shoto." Akasikiliza tena. "Hapana, usiniulize mimi. Mama yako yuko hapa. Yeye atakwambia."

Akaninyooshea simu.

Hata hilo aliniachia mimi. Uongo aliutunga mwenyewe na kuula mwenyewe, na sasa kuuosha ni kazi yangu kama vile miguu yake. Nilitaka kumwambia aseme kwa mdomo wake. Lakini sikio la mwanangu lilikuwa upande wa pili wa ule waya, lile moja linalosikia. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikaipokea.

Ikaja sauti ya mtu mzima, nzito kuliko niliyoikumbuka.

"Mama? Babu anasema nini? Nishani si zilikwenda na Agnes?"

Baba hakuwa ameondoka jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kofia mkononi, ananitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Hazikwenda na Agnes," nilisema. "Keti, Darren. Hii ni ndefu, na usikate simu."

"Nimekaa," alisema.

Nikamwambia. Nilianza na tiketi ya basi.